Jua la Utosi Dar es Salaam, na Kwa Nini Masika Hufuata

Joto likizidi Dar es Salaam mwezi Februari na Machi, hatukosi kuulizwa: je, dunia imelisogelea jua? Jibu ni hapana. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Januari hiyohiyo wakazi wa London wanatetemeka kwa baridi, na mchana wao ni wa saa nane tu. Umbali ungekuwa ndio chanzo cha majira, dunia nzima ingepata joto kwa pamoja na baridi kwa pamoja.

Usiku na mchana ni jambo jepesi. Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, digrii 360 kwa takriban saa 24, yaani dakika 4 kwa kila digrii. Dar es Salaam na Kigoma zimeachana kwa karibu digrii 10. Kwa hiyo jua likizama Dar, Kigoma bado lina dakika 40 hivi, japo saa za ukutani zinasoma sawasawa. Mfungaji wa Kigoma akisikia redioni adhana ya magharibi ya Dar, anajua yake bado.

Majira yanataka subira kidogo. Mhimili wa dunia haukusimama wima. Umeinama kwa digrii 23.5, na unabaki umeelekea upande uleule wakati dunia inalizunguka jua kwa siku 365 na robo. (Globu za shuleni huinama kwa sababu hiyo, si kwamba kiegemeo kimepinda.) Juni, kizio cha kaskazini (nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa ikweta) ndicho kinacholiinamia jua, Desemba ni zamu ya kusini. Kizio kilicholiinamia jua hupata mchana mrefu, na miale hukishukia wima zaidi, hivyo ardhi hupokea joto jingi.

Sisi wa karibu na ikweta urefu wa mchana hautushughulishi sana. Dar, mchana mrefu wa Desemba unauzidi mfupi wa Juni kwa muda usiofika saa moja. Kwetu kinachobadilika ni mahali jua linapopita angani. Chomeka kijiti wima uwanjani, utazame kivuli chake kinapokuwa kifupi kabisa. Usingoje saa sita kamili: Dar wakati huo huangukia kati ya dakika 7 na 37 baada ya saa sita, kutegemea mwezi. Juni kivuli kitalala upande wa kusini, Desemba upande wa kaskazini. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, kijiti hakitakuwa na kivuli. Hilo ndilo jua la utosi.

Tazama tarehe hizo, kisha ukumbuke kalenda ya mkulima. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Jua la utosi hupasha ardhi na bahari, hewa hupanda, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana hapo zikiwa zimebeba unyevu. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini, ila kwa kuchelewa, kwani bahari haipati joto kwa siku moja. Ukishuka kusini huleta vuli ya pwani na ya kaskazini. Ukirudi, huleta masika. Ruvuma, Mbeya na Mtwara ziko karibu na mahali ukanda unapogeukia, hivyo kwenda kwake na kurudi kwake huungana, nao hupata msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Ndiyo sababu tarehe ya kupanda mahindi Moshi haimfai mkulima wa Songea.