Damu ya kwenye gemu siyo inayowagombanisha watoto

Juzi tena. Mama mmoja kaingia kwenye banda langu la kuchezesha gemu, kamshika mwanawe mkono, hata salamu yangu hakuipokea: "Wewe kijana, hizi gemu zenu za kuuana ndizo zilizomtuma mwanangu ampige mwenzake shuleni." Nikamvutia kiti, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Lakini nimechoka. Maneno hayohayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa majirani, kwa watu ambao hawajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu hata siku moja, na wote wanayasema kwa uhakika wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Wanachokiona ni kweli. Ukisimama nyuma ya mchezaji wa Tekken, gemu ya kupigana wawili, utaona mtu anapigwa teke la uso, anarushwa juu, anapigwa tena kabla hajatua. Mwenye pedi anaona kitu kingine. Anaona umbali na anahesabu muda. Gemu inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na ngumi ya haraka kabisa huchukua fremu 10 kufika, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Nikikinga pigo linalomwacha mwenzangu nyuma kwa fremu 10, ngumi yangu hiyo itaingia tu, hana la kufanya. Nikichelewa kidogo, anakinga, nafasi imepita. Ile ngumi ya umeme ya Kazuya, mmoja wa wapiganaji wa Tekken, ndiyo inayotesa vijana wangu kuliko zote: mbele, achia, chini, kisha chini-mbele na kitufe cha pembetatu vibonyezwe ndani ya fremu moja. Moja! Nina kijana amekaa wiki nzima na pigo hilo, kidole gumba kimeota sugu, na katika wiki hiyo sikumsikia akiongelea kumuumiza mtu. Alikuwa akisema, "Bro, nawahi sana pembetatu."

Sasa nisikilizeni kwenye jambo linaloniudhi hasa. Katika miaka yangu ya kuchezesha, ugomvi wa kushikana mashati bandani umetokea mara nyingi zaidi kwenye gemu ya mpira. Mpira! Hamna damu, hamna bunduki. Lakini kuna goli la dakika ya 90, kuna anayecheka usoni mwa aliyefungwa, kuna mia tano ya zamu iliyopotea, kuna wenzao sita nyuma wanazomea. Mtoto akitoka pale akiwa amevimba, tusiangalie skrini ilikuwa na damu kiasi gani. Tuulize alishindwaje, na mbele ya nani.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Brock huko Kanada, Paul Adachi na Teena Willoughby, waliwachezesha wanafunzi wa chuo gemu za aina tofauti, kisha wakawapa kazi ya kumwandalia mtu mwingine mchuzi wa pilipili, huku wakijua hapendi kitu kikali. Kiasi na ukali wa pilipili ndicho kilikuwa kipimo cha shari. Waliotoka kwenye ushindani mkubwa ndio waliozidisha pilipili, na humo ilikuwamo gemu ya mbio za magari. Left 4 Dead 2, ambayo ni kupasua mazombi mwanzo mwisho, ilikuwa upande wa gemu zenye ushindani mdogo, na haikuleta hali hiyo.

Makosa haya ya kuangalia damu tu ni ya zamani. Mortal Kombat, gemu nyingine ya kupigana, ilipoletwa majumbani mwaka 1993, ya mashine ya Super Nintendo ilitolewa damu ikawekwa jasho la kijivu, ya mashine ya Sega damu ikafichwa nyuma ya msimbo wa siri wa vitufe. Mapigo ya kawaida yalibaki yaleyale, na hamu ya kushinda vilevile. Desemba mwaka huo maseneta wa Marekani wakaketi kuzijadili gemu, na mwaka uliofuata ikaja ESRB, hao wanaoweka zile herufi za umri kwenye kava. Herufi hizo nazifuata, na wazazi nawaomba wazisome.

Maana sisemi kwamba hamna kitu kabisa. Pilipili si ngumi, na waliopimwa walikuwa watu wazima waliocheza kwa dakika chache, si mtoto wa miaka saba anayeangalia uti wa mgongo ukichomolewa kila jioni kwa miaka miwili. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema mwaka 2020 kwamba si sahihi kubebesha gemu mzigo wa mauaji, lakini kikashikilia kuwa kuna uhusiano mdogo na shari za kufoka na kusukumana. Hilo la kusukumana linanikalia moyoni, kwa sababu nimeliona. Ndiyo maana diski ya Mortal Kombat inakaa kwenye droo yangu mpaka wenye sare za shule waondoke, na GTA, ile gemu ya ujambazi wa mjini, vivyo hivyo. Hao wadogo sijiamini nao kiasi cha kuwaachia.

Basi yule mama alipotulia nikamfungulia daftari la zamu. Jina la mwanawe lilikuwamo siku tatu wiki ile, na mbele yake mara zote nimeandika "mpira". Akalitazama kwa muda, akamtazama mtoto, kisha akaniuliza swali ambalo mzazi hajawahi kuniuliza: "Alishinda au alifungwa?"

Alifungwa, mama. Siku zote tatu, na aliyemfunga wanasoma darasa moja.