Usanifu shirikishi: wakazi wanapopanga mtaa wao

Usanifu shirikishi ni utaratibu wa kupanga na kujenga eneo la umma ambapo wanaolitumia ndio wanaoamua liweje. Eneo hilo linaweza kuwa uwanja wa watoto, kichochoro, njia panda, bustani ya jiji au kipande cha ardhi kilichogeuka jalala. Msanifu majengo, mhandisi na ofisa wa jiji wapo, ila kazi yao ni kuyawekea matakwa ya wakazi vipimo, gharama na uimara. Sanaa nayo haisubiri mwishoni. Inaingia tangu watu wanapoanza kukaa pamoja na kufikiri.

Wengi wakisikia habari hii huwaza ukuta uliopakwa rangi. Rangi ni sehemu yake, tena sehemu nyepesi. Mchoro mzuri kwenye kichochoro kisicho na taa haumwezeshi binti kupita hapo saa mbili usiku. Swali zito ni nani aliamua kichochoro kile kirekebishwe vipi, na nani atakifagia mwakani.

Tuitazame Dandora. Mtaa huu wa mashariki mwa Nairobi ulianzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vipatavyo 6,000 viligawiwa watu wa kipato cha chini, vikiwa tayari na choo, maji na mtaro wa majitaka, kisha kila mwenye kiwanja akajijengea vyumba kadiri alivyojaliwa. Ramani iliacha nafasi wazi katikati ya nyumba ili majirani wazitumie pamoja. Miaka ikapita, nyumba zikapanda kuwa ghorofa, watu wakaongezeka, na zile nafasi za katikati, kwa kuwa hazikuwa za mtu, zikajaa taka. Usiku zikawa maficho ya vibaka. Jalala kuu la jiji nalo liko papo hapo Dandora, kwa hiyo taka hazikuwa jambo la kumshangaza mtu.

Kundi la vijana liitwalo Mustard Seed lilianza na nafasi moja ya namna hiyo, uwanja ulio katikati ya nyumba. Wakazoa taka, wakapanda miti, wakapaka kuta rangi, wakawatengea watoto mahali pa kucheza. Kisha wakakubaliana na kaya zinazouzunguka uwanja: kila mwezi zinatoa mchango mdogo, na vijana wanafagia na kulinda. Kwangu mimi mchango huo ndio kiini cha habari yote. Vijana wale wale ambao mtaa uliwaogopa walipokaa bezi, yaani maskani yao, bila kazi, sasa ndio walinzi wa mlango wa uwanja. Mama anayeanika nguo pale anajua amlaumu nani taa ikizimika. Viwanja vya jirani vikaiga, na yakaja mashindano ya Changing Faces, ambamo makundi ya mitaa hupimana nani amegeuza eneo lake vizuri zaidi.

Je, wakazi huulizwaje? Hapa miradi mingi huharibika. Mkutano mmoja kwa chifu hautoshi, maana wanaosema ni wazee na wenye sauti kubwa, huku mama wa genge, kijana mwenye kiti cha magurudumu na msichana wa darasa la saba wamekaa kimya nyuma. Njia iliyo bora ni kutembea eneo lile pamoja, mchana na tena giza likiingia, kila mmoja akionyesha kwa kidole pale anapoogopa na pale anapopenda kukaa. Watoto huchora. Wengine hutengeneza mfano mdogo wa eneo kwa maboksi na udongo, ili mtu asiyeweza kusoma ramani ya mhandisi ahamishe benchi kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang kutumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft, ambamo mchezaji hujenga kwa kupanga matofali, kwa kazi hii hii. Mpango huo unaitwa Block by Block. Huko Les Cayes, Haiti, wavuvi wasiojua kusoma wala kuandika waliutumia kupanga ufuko wao, wakaweka ukuta wa kuzuia maji ya bahari na vyoo vya umma. Ukuta na vyoo! Ndivyo walivyovihitaji waliokuwa wakiishi na mafuriko.

Sanaa ina kazi nyingine, ya kutangaza kwamba mtaa una wenyewe. Dakar, Senegal, baada ya uchaguzi wa 1988 uliofuatwa na ghasia, vijana waliingia mitaani na mafagio. Wakazibua mitaro, wakaondoa taka, wakajaza kuta picha za viongozi wa dini kama Cheikh Amadou Bamba, za mashujaa wa historia, na za mafunzo ya usafi. Vuguvugu hilo likaitwa Set Setal. Kule Portland, Marekani, majirani walipaka rangi njia panda yao mwaka 1996 na kuweka kibanda cha chai na kabati la vitabu vya kuazimana. Ofisi ya barabara ikapinga, lakini baadaye jiji likatunga utaratibu wa kutoa vibali, na mitaa mingine mingi ikafuata. Pwani yetu nayo ina baraza za mawe mbele ya nyumba: mwenye nyumba anajenga kwa gharama yake, anayekaa kupumzika na kuzungumza ni mtaa mzima.

Linabaki suala la ardhi, na si dogo. Eneo likishapendeza, kodi za nyumba hupanda na wanyakuzi huamka. Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, ilitolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, na bado mjukuu wake, Zarina Patel, alilazimika kuongoza kampeni ya kuiokoa isijengwe miaka ya 1990 ilipoanza. Kabla ya hapo, mwaka 1989, mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe ndani ya Uhuru Park, bustani nyingine ya umma ya Nairobi, akatukanwa hadi bungeni, na jengo halikujengwa. Kwa hiyo kundi lolote linalotaka kuanza na lijue mapema kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, ramani ya awali inasema nini, na litafute barua ya kaunti yenye muhuri kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi.