Visiwa ndani ya kongosho

Mama mmoja wa Shela, hapa Lamu, alikuja kliniki yetu ya kisukari na mwanawe wa miaka 11. Kabla hajaketi akanionyesha simu. "Daktari, huko Kanada watu wapandikizwa seli na kuacha sindano. Huyu wangu je?"

Kongosho imejificha nyuma ya tumbo, na ndani yake mna vijifundo vya seli vilivyotapakaa. Aliyeviona kwanza, mwaka 1869, ni Mjerumani Paul Langerhans, alipokuwa bado mwanafunzi, na hadi leo huitwa visiwa vya Langerhans. Kwa sisi watu wa Lamu jina hilo halihitaji maelezo. Humo ndimo insulini, ishushayo sukari ya damu, inamotengenezwa. Mwenye kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili wake imevishambulia visiwa hivyo ikaviua, ndipo akahitaji insulini ya sindano.

Kuvipandikiza kulijaribiwa miaka mingi, na wagonjwa wengi wakarudi kwenye sindano. Daktari mpasuaji James Shapiro, aliyetoka Uingereza akaenda kufanya kazi Edmonton, Kanada, alibadilisha mambo mawili na wenzake. Waliacha steroidi, dawa zilizotumika kuilaza kinga lakini zenyewe zikipandisha sukari. Tena hawakutosheka na visiwa vya maiti mmoja. Mgonjwa alipewa vya wawili au zaidi. Mwaka 2000 walitangaza wagonjwa 7, wote wameacha insulini. La ajabu ni kwamba tumbo halipasuliwi: visiwa hupitishwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye mshipa mkuu uingiao ini, vikatua humo na kuanza kazi. Mpasuaji kapata sifa kwa tiba isiyotaka kisu!

Hapo ndipo video za simu hukomea. Miaka mitano baadaye, aliyebaki bila sindano kabisa alikuwa kama 1 kati ya 10, ingawa wengi walipona ule msiba wa sukari kushuka ghafla hadi kuzirai. Na wote walimeza dawa za kulaza kinga kila siku, dawa zinazofungulia maambukizi mlango na kuchosha figo. Kwa hiyo hupewa watu wazima ambao insulini imeshindwa kuwatuliza. Matokeo ya mwaka 2025 yanatia moyo zaidi: kati ya watu 12 waliopewa seli zilizokuzwa maabara, 10 hawakuhitaji insulini baada ya mwaka. Dawa za kulaza kinga, lakini, bado wanazimeza.

Nikamwomba mama anionyeshe insulini ya mtoto. Akafungua chupa ya chai iliyojaa barafu. Kichupa kilikuwa kimeganda. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Nikampa nyingine, nikamweleza jinsi ya kuiweka ipoe bila barafu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo.

"Vyungu vya nyanya yake viko," akasema. Mtoto akauliza kama vile visiwa vya tumboni navyo vina majina.