Muuguzi wa Stashahada Harudi Kidato cha Tano: Dhana Potofu Kuhusu Kujiendeleza Katika Uuguzi

Hivi karibuni alinijia muuguzi wa kituo cha afya, mwenye stashahada na miaka tisa kazini, akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti na risiti za masomo ya jioni. Kwa miaka miwili alikuwa akitoka zamu ya mchana na kwenda moja kwa moja darasani kusoma Kemia na Baiolojia za kidato cha tano na cha sita, tena kwa fedha zake mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa upole: “Mwalimu, wenzangu wodini waliniambia bila kidato cha sita chuo kikuu hawanipokei.” Huyo alikuwa wa nne mwaka huu kuniambia maneno hayo hayo, na uvumilivu wangu umefika ukingoni.

Ukweli ni kwamba shahada ya uuguzi nchini Tanzania ina milango miwili. Wa kwanza ni wa wahitimu wa kidato cha sita waliosoma masomo ya sayansi; wa pili ni wa sifa linganifu, ambao umewekwa kwa ajili ya watu wenye stashahada ya uuguzi kama yeye. Kwa mlango huo wa pili, mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) umekuwa ukitaka stashahada yenye wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, na vyuo huongeza sharti la ufaulu wa angalau D katika masomo ya msingi ya kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Masharti hutofautiana kwa chuo na kwa mwaka, hivyo asomaye mwongozo asome wa mwaka anaoomba, si ule uliorushwa kwenye kundi la WhatsApp mwaka juzi. Lakini hakuna mahali mwongozo huo unapomtaka mwenye stashahada arudi kidato cha tano.

Hata aliyeanza na astashahada hajafungiwa njia. Mfumo unaosimamiwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, umepangwa kama ngazi: mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ni ngazi ya 5, ambapo mtu anaweza kutoka na astashahada akaanza kazi, na wa tatu ni ngazi ya 6, ambao humpa stashahada. Aliyetoka ngazi ya 5 hurudi kuendelea na ngazi ya 6. Haanzi upya kama mwanafunzi ambaye hajawahi kushika kipimo cha shinikizo la damu.

Kinachowakwamisha wauguzi wengi ni mambo matatu ambayo hakuna anayeyasimulia wodini. La kwanza ni cheti cha kidato cha nne. Nilipoifungua ile bahasha ya kaki nilikuta GPA ya 3.4 kwenye stashahada, C ya Kemia, C ya Baiolojia, na F ya Fizikia. Miaka miwili dada huyu alikuwa akiyasomea masomo ambayo tayari alikuwa na ufaulu wake wa kutosha, na lile moja lililomfungia mlango hakuligusa. Dawa yake ilikuwa kujisajili Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia Fizikia pekee katika mtihani wa Novemba. La pili ni GPA yenyewe. Mwanafunzi aliyeridhika na 2.8 kwa sababu “leseni ni leseni” hugundua miaka mitano baadaye kwamba ameingia kazini vizuri lakini mlango wa shahada haumtambui, na kwa hiyo huwaambia wanafunzi wangu mapema, hata wakinuna, kwamba ngazi ya 6 si ya kupitia tu.

La tatu ni AVN, yaani namba ya uhakiki ambayo mhitimu wa stashahada huiomba NACTVET kwa njia ya mtandao, na ambayo chuo kikuu huitumia kuthibitisha matokeo yake. Watu huikumbuka dirisha la udahili likiwa linakaribia kufungwa. Hapo ndipo inapobainika kwamba chuo cha zamani hakikuwasilisha matokeo yote, au kwamba jina ni Mwanaidi kwenye cheti kimoja na Mwanahidi kwenye kingine, na marekebisho ya herufi moja yakala muda wote uliobaki. Ushauri wangu, ambao wenzangu hunitania nao, ni kwamba kabla ya kuuliza chuo chochote, panga vyeti vyako vyote mezani usome jina lako herufi kwa herufi.

Dhana ya pili inayonichosha ni kwamba ukirudi na shahada, mshahara hubadilika wenyewe. Katika utumishi wa umma, Muuguzi, Afisa Muuguzi Msaidizi na Afisa Muuguzi ni kada tofauti, zinazolingana na astashahada, stashahada na shahada, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine huitwa kubadilishiwa kada. Hatua hiyo huombwa, hupitishwa na mwajiri, na hutegemea kuwepo kwa nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na fedha kwenye bajeti. Kwa kawaida mtu huanzia cheo cha mwanzo cha kada mpya, jambo linalowashangaza sana waliokuwa wamefika ngazi ya mwandamizi. Aliyeondoka bila ruhusa ya masomo kwa maandishi yuko pabaya zaidi, kwa sababu kwa mwajiri huyo si mwanafunzi, ni mtoro kazini. Ruhusa ya mdomo ya mkuu wa kituo haina thamani yoyote siku mkuu huyo akihamishwa, na nimeona wauguzi wazuri wakiingia matatani kwa sababu hiyo tu. Omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri mapema, na barua yako ipite masijala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Nyingine nitazipitia haraka. Wapo wanaoamini kwamba kupanda kwa muuguzi ni kuuacha uuguzi na kusomea udaktari. Anayetaka udaktari kwa dhati aende, lakini asiende kwa kudhani kwamba uuguzi huishia kwenye shahada ya kwanza: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada za uzamili katika uuguzi wa afya ya akili na katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, wapo wauguzi waliosomea utoaji wa dawa za usingizi, na kuna ualimu, utafiti na uongozi hadi ngazi ya wilaya, mkoa na wizara.

Wapo pia wanaochanganya usajili na leseni. Jina kubaki kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga hakumaanishi kwamba leseni bado hai. Leseni ina tarehe ya mwisho, na kuihuisha kunahitaji ushahidi wa mafunzo endelevu ya kitaaluma.

Na kwa wanaoniuliza kuhusu nje: leseni ya Tanzania haifanyi kazi peke yake popote ng'ambo. Marekani watataka NCLEX-RN, mtihani wao wa leseni ya uuguzi, na Uingereza watataka uthibitisho wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo. Wakala anayekuahidi kukuvusha bila hayo anachotafuta ni ada yake.

Yule dada wa bahasha ya kaki aliacha masomo ya jioni wiki ile ile. Sasa anasoma Fizikia peke yake, na maombi ya kurekebisha jina lake, ambalo nalo lilitofautiana kwenye vyeti, ameshayawasilisha.