Kabla ya desa la kurasa 22, anza na Myombekere

Wiki ya tatu ya muhula kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea desa (nakala ya makala ya kusoma) la sosholojia, kurasa 22, limepakwa hailaita ya njano kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. "Shikamoo madamu. Hili nimelisoma mara tatu." Nikalifunika kwa kiganja, nikamwomba aniambie mwandishi anabishana na nani. Akatazama nje, upande wa ziwani, kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa babu yake. Hakuwa mvivu. Macho yalionyesha kabisa kwamba alikesha nalo.

Nafundisha stadi za mawasiliano hapa Mwanza, na ukiondoa mambo ya barua rasmi na kusimama mbele ya watu, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwafundisha kusoma watu wanaosoma tangu darasa la kwanza. Nikisema hivyo siku ya kwanza darasa hununa kidogo. Lakini tazama walikotoka. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, wakajiokoa kwa kukariri notisi za ubaoni na kupitia mitihani ya miaka iliyopita. Njia hiyo ikawavusha mpaka kidato cha sita. Nani angeiacha njia iliyomvusha? Chuoni sasa ubao mtupu. Kuna orodha ya makala sita, na mhadhiri anayesema "mkasome" kisha anafunga begi lake.

Miaka yangu ya mwanzo niliamini ugonjwa ni Kiingereza. Nikawapa msamiati, orodha juu ya orodha. Halafu siku moja, kwa uchovu tu wa kusahihisha, niliwapa makala ya maoni kutoka gazeti la Kiswahili, ukurasa mmoja, nikauliza: huyu anadai nini? Wengi waliniandikia makala *inahusu* nini. "Inahusu kodi." "Inahusu wafanyabiashara wadogo." Anachodai hawakukiona, na lugha ilikuwa ya kwao. Tangu hapo naanza muhula kwa riwaya ya Kiswahili, tena ndefu, tena inayokwenda polepole.

Chaguo langu ni Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa cha Ukerewe, hapo ng'ambo tu kwa meli ya Nansio. Aliandika habari za Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, na hakuna aliyemchapishia. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na riwaya ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Nawasimulia haya kwanza kwa sababu yanabadilisha namna wanavyokishika kitabu chenyewe.

Kisa chenyewe kinaanza na ndoa isiyo na mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao, na mume anakwenda kwa wakwe kumwomba arudi. Kazi rahisi, ungesema. Lakini kuna salamu, kuna kukaribishwa, kuna chakula, kuna mazungumzo yanayozunguka, kuna pombe ya ndizi ambayo mume ataambiwa ailete kwanza. Kufikia hapo wanafunzi wanaanza: "Madamu, mbona haiendi?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Haiendi wapi? Chukueni penseli na daftari. Kwa kila aya andika neno moja tu: aya hii inafanya kazi gani? Usiniandikie inahusu nini. *Kazi* gani? Mwanzoni wanaandika "salamu", "chakula". Nawakatalia. Salamu ndefu vile kati ya mkwe na mkwilima waliokosana inafanya nini? Kimya. Kisha mmoja, aghalabu yule aliyewahi kumsindikiza kaka yake kuposa, anasema: "Wanamchelewesha makusudi." Enhe! Basi andika "kuchelewesha". Aya inayofuata? "Kumpima." Ile nyingine? "Kukumbusha kosa." Tukifika mwisho wa sura tuna safu ya maneno ya penseli, na ukiyasoma yenyewe kutoka juu hadi chini unaiona sura nzima inavyotembea. Hapo anayelalamika haiendi huwa ameshanyamaza.

Mazoezi ya namna hii nayafanya kwa wiki tatu. Wenzangu wengine huona ni kupoteza muda. Wiki ya nne narudisha desa la sosholojia, Kiingereza chake kilekile kigumu, na kazi ni ileile: neno moja kila aya. Maneno tunayoyahitaji sasa ni mengine: dai, sababu, mfano, pingamizi, jibu, tahadhari. Ugumu wa lugha haujaondoka, sitaki kumdanganya mtu. Ila sasa mwanafunzi anajua anatafuta nini humo ndani. Akikuta aya inayoanza kwa maana ya "ni kweli kwamba", anajua mwandishi anamkubalia mpinzani wake kidogo kabla ya kumgeuzia kibao, kwa hiyo haipaki njano kana kwamba ndilo dai lenyewe. Kosa hilo, la kubeba hoja ya mpinzani na kuiandika kwenye mtihani kuwa ya mwandishi, limewapa sapu (mtihani wa marudio) watu wengi kuliko msamiati.

Riwaya ya pili ni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, Mkerewe mwingine, ya mwaka 1971. Hii haihitaji kusukumwa. Wanaimaliza kwa siku mbili na kugombana kwenye vimbweta, zile meza za saruji za kujisomea. Baba mlevi na mkali, binti anayelelewa kwa viboko kisha anaachiwa dunia ghafla. Swali langu ni nani alimponza Rosa, na sharti ni moja: kila unachosema, onyesha ukurasa. Mabishano yanapungua sauti mara moja. "Baba yake!" Ukurasa wa ngapi? Anapekua. Anakuta sentensi, anaisoma, anagundua inasema pungufu ya alivyokumbuka. Kupungukiwa huko ndiko ninakokutafuta, maana ripoti ya utafiti inasomwa hivyohivyo: inasema kiasi gani, wala si zaidi.

Kuna jambo moja fasihi haiwezi kulifanya: kukupa maarifa ya somo lenyewe. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Recht na Leslie, waliwapa wanafunzi 64 maelezo ya mchezo wa besiboli wayasome. Waliohesabiwa kuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo waliwapita wasomaji hodari wasioujua. Mimi sina besiboli, nina dagaa. Niliandika ukurasa mmoja kuhusu uvuvi wa dagaa kwa taa, kwa nini wavuvi hutoka wakati wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Binti mmoja aliyekulia mwaloni, ambaye kwa alama alikuwa nyuma ya darasa, aliueleza ukurasa ule wote bila kuutazama, akasahihisha na sentensi yangu moja. Wale wa mjini walibaki wanauliza mwezi unahusikaje. Kwa hiyo usiingie kwenye makala mikono mitupu. Soma kwanza muhtasari na hitimisho, tafuta maelezo mepesi ya mada hata kwa Kiswahili, muulize aliyetangulia mwaka wa pili. Huko si kudesa (kunakili majibu ya mwingine).

Sasa kukumbuka, maana mtihani upo. Mwaka 1946 Francis Robinson, wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, alitoa kitabu chenye mbinu ya hatua tano ambayo bado inafundishwa: pitia juu juu, jiulize maswali, soma, sema kwa maneno yako, rudia. Wanafunzi wangu huzifanya zote isipokuwa ya nne, na ya nne ndiyo yenye nguvu. Roediger na Karpicke waliipima mwaka 2006. Kundi moja lilisoma kifungu kisha likakisoma tena. Jingine lilisoma mara moja, likakifunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki walikuwa wamebaki na 42, na wenzao 56. Ona mtego wenyewe: usiku wa kuamkia mtihani kurudia kusoma kunaonekana ndiko kunakofaa, kwa sababu kwa dakika 5 kweli kunafaa.

Kwa hiyo diskasheni zetu zina kanuni: madesa yote chini ya kimbweta, mmoja anasimulia, wengine wanamdaka anapokosea, kisha ndipo madesa yanapanda juu kuhakikisha. Ukipata aibu hapo, umeipata bure.

Wanaoniuliza kuhusu kozi za kusoma haraka mara tatu zaidi, jibu langu ni fupi: hifadhini bumu (pesa ya mkopo) lenu.

Tatizo lililobaki ni nakala. Kitereza wangu ni mmoja tu, gamba lake limeshikwa kwa gundi ya karatasi, na huzunguka kundi hadi kundi kwa zamu. Muhula uliopita alisafiri na mtu mpaka Nansio, akarudi ananuka dagaa, na pembeni ya maneno ya mkwe kuna neno la penseli, dogo, lenye alama ya kuuliza: "pingamizi?" Nilikuwa nimekataza kabisa kuandika ndani ya kitabu hicho. Sijalifuta.