Je, wajua kwa nini Pasaka ya Wayahudi na ya Wakristo hupishana?

Kiswahili kina neno moja, Pasaka, kwa sikukuu mbili: ile ya Wayahudi ya kukumbuka kutoka Misri, na ile ya Wakristo ya kukumbuka ufufuko. Neno hilo ndilo lililonipoteza. Nikiwa mtoto wa Bagamoyo, mji wenye misheni iliyofunguliwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, niliamini kwamba Kanisa husubiri Wayahudi watangaze Pasaka yao, kisha hushika Jumapili inayofuata. Mwaka 2024 ukanisuta: Wakristo walisherehekea tarehe 31 Machi, ilhali Wayahudi waliketi kwa karamu yao jioni ya tarehe 22 Aprili. Mzazi alifika wiki tatu baada ya mtoto.

Dhana yangu haikuzuka hewani. Injili zote nne huweka kifo cha Yesu katika majira ya Pasaka ya Wayahudi, ingawa hazilingani juu ya siku: kwa Marko karamu ya mwisho ni ya Pasaka yenyewe, kwa Yohana Pasaka ilikuwa bado kuliwa. Tena, katika karne ya pili Wakristo wa Asia Ndogo waliadhimisha siku ya 14 ya Nisani, mwezi wa Pasaka katika kalenda ya Wayahudi, iwe Jumapili au isiwe. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka wote washike Jumapili moja, bila kutegemea hesabu za Wayahudi, na kanuni iliyotulia ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Mpevu huo ni wa majedwali. Hakuna anayepanda juu ya paa kuutafuta.

Upande wa Wayahudi ndio wenye utamu. Sisi wa pwani tunajua kwamba miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11, na ndiyo maana Idi hurudi nyuma, ikaangukia masika miaka fulani na kipupwe miaka mingine. Wayahudi nao hufuata mwezi, lakini Torati inaiweka Pasaka katika Abibu, mwezi wa masuke ya shayiri, ndio huo Nisani, kwa hiyo haiwezi kuachwa izunguke. Basi zile siku 11 huandikwa kama deni kwenye daftari la mwenye duka, na likikaribia mwezi mzima hulipwa kwa mkupuo: mwezi wa Adari, unaotangulia Nisani, hurudiwa. Malipo hayo hufanyika mara 7 katika kila miaka 19, na mwaka 2024 ulikuwa mmojawapo, hivyo Pasaka yao ikasogezwa hadi mpevu wa Aprili huku Kanisa likiwa limeshika ule wa Machi. Itatokea tena mwaka 2027, tarehe 28 Machi na jioni ya tarehe 21 Aprili.

Hata mwezi mpevu ukiwa mmoja, tofauti huonekana ufukweni. Pasaka ya Wayahudi huanza mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo huja na bamvua, maji yakitoka mbali na kuacha ngalawa zimelala ubavu mchangani. Jumapili ya Wakristo yaweza kuchelewa hadi wiki nzima: mwaka 2025 iliangukia tarehe 20 Aprili, na maji yalikuwa yanaelekea kuwa mafu, yaani ya kupwa na kujaa kidogo tu.