Pengo la jino: meno ya bandia au kipandikizi?

Tofauti yake ni nini?
Meno ya bandia hukaa juu ya fizi; unayavaa asubuhi, unayavua ukienda kulala. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayofungwa ndani ya mfupa wa taya. Mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 hivi kuishika vizuri, ndipo jino huwekwa juu yake.

Nimeng'oa magego mawili. Hata nikicheka hayaonekani. Nikisubiri kuna ubaya?
Upo. Mfupa uliokuwa umeshika jino husinyaa jino likishatoka, na mwaka wa kwanza ndio husinyaa zaidi. Meno jirani hulalia pengo, la juu nalo hushuka kulifuata. Halafu mtu anakuja baada ya miaka minane, fedha mkononi, anataka kipandikizi. Tukipiga picha, mfupa wa kukishika hautoshi. Kuongeza mfupa kunawezekana, ila ni upasuaji mwingine, gharama nyingine na miezi mingine ya kungoja.

Sasa hivi sina uwezo wa kipandikizi. Si bora nisubiri?
Hapana, usisubiri! Meno ya bandia ni nafuu zaidi, yanaziba pengo na unatafuna. Hayazuii mfupa kusinyaa, kwa hiyo yatalegea na itabidi yarekebishwe. Yakilegea, rudi kliniki. Tafadhali, si supaglu. Nimeshapokea meno yaliyogandishwa hadi hayaingii tena mdomoni, na fizi imejaa vidonda. Kidonda cha mdomoni kikizidi wiki mbili hakijapona, kionwe na daktari. Usikifunike na meno ukanyamaza.

Nina kisukari. Kipandikizi kinanifaa?
Sukari ikiwa imedhibitiwa, mara nyingi ndiyo. Ikiwa inapanda ovyo, kidonda kinachelewa kupona na kipandikizi kinaweza kukataa kushika. Sigara nayo huharibu vivyo hivyo, na wavutaji ndio wanaobishana nami kuliko wote.

Mwanangu ana miaka 14, amevunjika jino la mbele.
Mlete leo, huenda jino likaokolewa. Likishindikana, atatumia la bandia kwanza. Kipandikizi kinangoja taya limalize kukua.

Basi nije lini, kidonda kikishakauka?
Njoo kabla ya kung'oa. Ukishang'oa, njoo wiki hii. Kama pengo haliumi, njoo hivyo hivyo: mfupa unasinyaa bila maumivu.